UZI: Wenye boti za starehe walivyoshinda Bungeni, na wavuvi wakaambiwa wangoje

1/ Kila mswada ukijadiliwa hapa mtandaoni, lazima mtu aandike "hao wamenunuliwa" na mjadala unaishia hapo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kushawishi Bunge ni kazi halali yenye hatua zake, na asiyezijua hupigwa chenga mchana. Nitaeleza kwa kisa cha Marekani, 2008. Shuka nayo.

2/ Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya maji safi: hakuna kumwaga uchafu kwenye maji ya nchi bila kibali. Mwaka uliofuata mamlaka ya mazingira, EPA, ikatoa msamaha: maji yanayotoka chomboni katika shughuli za kawaida hayahitaji kibali. Msamaha huo ukakaa zaidi ya miaka 30.

3/ Shida ilitoka kwa meli kubwa. Hubeba maji ya kusawazisha uzito kutoka bandari moja na kuyamwaga nyingine, pamoja na viumbe wageni. Ndivyo kome wadogo wenye milia walivyofika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na kuziba mabomba. Sisi tunaojua gugumaji la Ziwa Victoria, picha tunayo.

4/ Watetezi wa mazingira wakaenda kortini. Mwaka 2005 jaji wa California akasema EPA haikuwa na mamlaka ya kutoa msamaha ambao Bunge halikuuandika. Mwaka 2006 akaamuru ufutwe ifikapo mwisho wa Septemba 2008.

5/ Sasa ona mtego. Msamaha ulikuwa mmoja kwa vyombo vyote. Ukifutwa, hata mwenye kaboti anakovuta nyuma ya gari wikendi anahitaji kibali: cha maji ya mvua yaliyoosha sitaha, maji yaliyopoza injini, maji yaliyojikusanya chini ya boti. Boti za starehe zilizosajiliwa zilizidi milioni 12. Faini ingeweza kufika dola 32,500 kwa siku.

6/ Walifanyaje? Chama cha wenye boti, BoatUS, chenye wanachama zaidi ya nusu milioni, kilishirikiana na chama cha watengenezaji, NMMA. Wanachama waliandikia wabunge wa maeneo yao. Hiyo ni muhimu, jameni: mbunge anaweza kupuuza kelele za nchi nzima, lakini barua ya mpiga kura wake ataisoma.

7/ Mswada wenyewe ulikuwa mwembamba. Uliomba jambo moja: boti za starehe zisihitaji kibali hicho. Ulidhaminiwa na wabunge wa vyama vyote viwili. Tena ulikuwa na masharti: EPA iandae taratibu za kupunguza uchafuzi wa boti hizo, na maji ya choo yabaki chini ya kanuni zake. Ulipita Julai 2008 na ukatiwa saini mwezi huohuo. Msamaha wa kudumu.

8/ Wavuvi je? Hukumu ileile iliwanasa wao pia, pamoja na vyombo vingine vya biashara vya chini ya futi 79. Julai hiyohiyo walipewa nafuu ya miaka 2 tu. Ilipoisha ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena. Msamaha wa kudumu waliupata Desemba 2018, na hata huo haukugusa maji ya kusawazisha uzito. Yaani anayekwenda kujivinjari alimaliza shida yake kwa sheria moja, na anayelisha watoto kwa boti alingoja miaka 10.

9/ Mwanauchumi Mancur Olson alieleza mwaka 1965 kwamba kundi ambalo kila mmoja anaona wazi atakachopoteza hujipanga haraka kuliko umma ambao kila mtu anapoteza kidogo. Mimi naongeza hili: mwenye boti ya starehe alikuwa rahisi kutenganishwa na meli za mizigo. Mvuvi yuko kwenye biashara, kwa hiyo akawekwa kapu moja na wakubwa. Na usidhani boti ndogo hazina hatia. Kome walewale husafiri ziwa hadi ziwa wakiwa wameng'ang'ania boti zinazovutwa na magari.

10/ Tuje nyumbani. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 118, inalitaka Bunge lishirikishe umma. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mjomba wangu ni mvuvi Kilifi. Nilipomweleza haya akacheka: "Kusi najua inaingia lini. Sheria ndiyo hunikuta majini." Haki anayo, lakini nani wa kumwambia mswada umefika wapi, kabla haujapita?

11/ Kwa hiyo mswada ujao ukija, kabla ya kuandika "wamenunuliwa," uliza: Nani anaomba? Anaomba nini hasa? Nafuu ni ya kudumu au ya muda? Na nani ataguswa na sheria hii lakini hakuitwa?

12/ Kama BMU ya kwenu, iwe ziwani au Pwani, imewahi kupeleka ombi Bungeni, niandikie hapa chini ilikuwaje. Nataka kumsomea mjomba.