Usiku Mmoja Kaptagat, na Saa Iliyo Ndani ya Mwili

Ziwa la kupigia kambi msituni halipo Kaptagat. Kuna bwawa la Two Rivers, mojawapo ya yanayoupa mji wa Eldoret maji, na kwa mkazi wa Langas, mtaa wa mji huo, hilo linatosha: matatu hadi mjini, nyingine ya kupitia Naiberi, na kabla ya saa sita mchana ameshafika. Wakati mzuri ni kiangazi, Desemba hadi Februari. Kibali cha kulala huko huombwa mapema kwa wasimamizi wa msitu, na cha bwawa kwa wasimamizi wa maji.

Kinachowashangaza wengi ni usingizi. Mtu aliyezoea kulala saa sita usiku, simu mkononi na taa ndefu ya mtaani, Mulika Mwizi, ikipenya dirishani, huanza kupiga miayo saa tatu.

Hewa safi husifiwa bure. Kazi kubwa hufanywa na mwanga. Ndani ya jicho kuna chembe zisizohusika sana na kuona sura za vitu. Hupima mwanga, hasa wa buluu, kisha huipasha habari saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo. Giza likiingia, ubongo huachilia melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Taa na simu huichelewesha. Moto wa kuni hauisumbui sana, kwa kuwa mwanga wake ni hafifu na mwekundu.

Mwaka 2013, Kenneth Wright wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, alichapisha matokeo ya watu 8 waliopiga kambi milimani kwa wiki moja bila tochi wala simu. Melatonini yao ilianza kupanda takriban saa mbili mapema kuliko walipokuwa nyumbani. Watu 8 ni wachache, lakini utafiti wake wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba hata wikendi moja kambini huivuta saa ya mwili mapema. Mchana nao una sehemu yake: chini ya mawingu nje hufika luksi 10,000 hivi, ilhali chumba chenye balbu hakifiki hata 500.

Baridi ni habari nyingine. Kaptagat iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na anga la kiangazi halina mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee. Hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka mteremkoni na kutuama bondeni, pale pale kando ya maji ambapo kila mgeni hutaka kulala. Hema likipandishwa hatua kadhaa, usiku huwa na nafuu. Maji yenyewe hupoa polepole kuliko hewa, ndiyo maana alfajiri bwawa hufuka ukungu. Blanketi la kutandika chini lina maana zaidi kuliko la pili la kujifunika, kwa sababu udongo hunyonya joto la mgongo usiku kucha.

Ila baridi isimshawishi mtu kuingiza jiko la makaa hemani, hata likiwa limebaki kaa chache. Makaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta akiwa amelala huenda asiamke. Jiko liachwe nje, na kabla ya kulala moto uzimwe kwa maji hadi majivu yapoe.