Vifaranga 50 na Baridi ya Usiku: Joto Lipi Linalipa Bukhayo?

Kuku wa Krismasi hununuliwa Julai. Mfugaji wa Bukhayo, kaunti ya Busia mpakani na Uganda, awe wa Nambale, Matayos au Mundika, anayetaka kuuza Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa na kila boma linatafuta jogoo wa kupokea wageni, lazima awe na vifaranga mkononi miezi minne au mitano kabla. Kienyeji walioboreshwa hawakui mbio kama kuku wa nyama. Sasa Julai ndio mwezi wetu wa baridi, na kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwilini mwake mpaka aote manyoya ya kweli, yaani wiki mbili au tatu. Wengi wanaokufa katika siku hizo wanauawa na baridi, au na kile ambacho mwenyewe alitumia kuiondoa baridi.

Kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Mji wa Busia uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku hapa hushuka hadi nyuzi 16 au 17, na mchana wenye jua hukaribia 28 au 30. Maana yake saa saba mchana, chini ya bati, kifaranga wa Bukhayo hana shida kubwa. Shida yake inaanza jua likizama na inaisha asubuhi umande ukikauka. Lakini ushauri mwingi unaosambazwa kwa wafugaji unamfaa mtu wa Limuru, ambako usiku wa Julai ni nyuzi 10 hivi. Ukiufuata hapa kama ulivyo, unanunua joto ambalo tayari unalo bure.

Ili tulinganishe kwa haki, nimechukua vifaranga 50, siku 21, uniti ya stima kwa shilingi 30 pamoja na kodi, na mkebe wa makaa wa kilo 2 kwa shilingi 100. Bei ya kwenu ikiwa tofauti, badilisha hesabu. Uwiano hautabadilika sana. Na kwa kuwa mchana wetu una joto, nimehesabu kwamba moto au taa inahitajika saa 20 kwa siku wiki ya kwanza, saa 14 wiki ya pili, saa 10 wiki ya tatu. Jumla ni saa 308.

Duka la dawa za mifugo litakuonyesha kwanza ile taa nyekundu ya wati 250. Ni taa nzuri, na kwa vifaranga 100 au zaidi ina maana. Kwa saa 308 inakula uniti 77, yaani shilingi 2,310. Ukiiacha iwake usiku na mchana bila kuzima, kama maagizo mengi yanavyosema, ni uniti 126 na shilingi 3,780. Gawanya hiyo kwa 50: kila kifaranga amekula shilingi 75 za joto peke yake, kabla hajala chakula wala kuchanjwa. Balbu mbili za kawaida za wati 60, zikining'inia ndani ya sanduku lililofunikwa vizuri, zinatumia uniti 37, shilingi 1,110. Mbili ni salama kuliko moja ya wati 100, kwa sababu moja ikiungua saa nane za usiku nyingine inabaki. Kuna mitego miwili hapo. Balbu za LED, ambazo sasa ndizo zimejaa madukani, hazitoi joto la maana. Wati 9 za LED ni mwanga tu. Pili, mteja wa stima anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini, na taa ya vifaranga inaweza kumtoa katika daraja hilo, tokeni zikapanda bei kwa nyumba nzima.

Sola ndogo za nyumbani zisikudanganye. Balbu ya wati 60 kwa saa 10 inataka wati-saa 600, na betri ya vifaa hivyo haikaribii kiasi hicho. Sola ya namna hiyo inafaa kukuangazia ukienda kuwakagua usiku, na hapo tu.

Makaa ndiyo yanayotumika zaidi vijijini: jiko, juu yake chungu kilichotobolewa kisambaze joto, au makaa yaliyofunikwa majivu yadumu hadi alfajiri. Nikihesabu kilo 3 kwa siku wiki ya kwanza, 2 wiki ya pili na moja na nusu ya tatu, ni kilo 45 na ushee, kama shilingi 2,300. Kwa hiyo makaa hayana unafuu juu ya balbu. Ni ghali mara mbili. Na bei haina utulivu, kwa kuwa makaa mengine huvuka mpaka, hasa tangu Mei 2023 Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda.

Hata hivyo si bei inayonifanya niyakatae. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kifaranga na huua mtu. Na sote tunajua vifaranga hulala wapi: jikoni, au pembeni mwa sebule kwa kuogopa wezi, na watoto wamelala chumba cha pili ambacho ukuta wake haufiki darini. Mfugaji anaziba madirisha baridi isiingie, na kwa kuziba huko anaizuia hewa safi. Hakuna kuku wa Desemba anayestahili hatari hiyo. Taa ya mafuta ina kasoro hiyohiyo, pamoja na moshi.

Tuje kwenye nyumba yenyewe. Beseni kubwa la plastiki linapatikana pande zote mbili za mpaka, halina pembe za vifaranga kusongamana na kukabana roho, na linaoshwa kwa dakika tano. Kwa vifaranga 20 au 25 wiki ya kwanza silioni kosa. Lakini sakafu yake inateleza, na kifaranga anayeteleza miguu inapanuka kando na hasimami tena. Lazima uweke maranda ya mbao au makapi ya mpunga kutoka Bunyala, unene wa vidole vitatu hivi. Gazeti peke yake halitoshi. Plastiki pia hainyonyi unyevu, kwa hiyo ukifunika kabisa, harufu kali ya kinyesi inawachoma macho na mapafu. Na usiweke balbu karibu na ukingo: plastiki inalainika, kisha inashika moto. Katoni ya dukani ni bure na inatunza joto kuliko beseni, ila ikilowa imekwisha, na ikitumika mara ya pili inabeba magonjwa ya kundi lililopita.

Bruda isiyotumia moto, yaani nyumba ndogo ya kulelea vifaranga, ndiyo ambayo ningependa kila boma la Bukhayo liwe nayo. Ni sanduku ndani ya sanduku, chini ya mita moja kila upande. Katikati ya kuta unashindilia nyasi kavu, unene wa sentimita 10, na chini vilevile. Juu inafunikwa kwa fremu iliyowambwa gunia au kipande cha blanketi kinachopitisha hewa, kikishuka karibu na migongo ya vifaranga. Mlango mdogo unawatoa nje kula na kunywa, kisha wanarudi wenyewe. Hakuna kinachowaka. Mwili wa kifaranga una nyuzi karibu 40, na 50 wakilala pamoja, joto lao likizuiwa lisitoroke, wanapashana. Wakiwa 15 tu hawatoshi, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo na kusema bruda hii haifanyi kazi.

Fundi akitumia mbao za mabaki, tuseme shilingi 1,500. Ukilea makundi matano, kila kundi limelipa 300. Ongeza nyasi mpya kila mara, kwani za zamani huteketezwa.

Usiku wa siku tatu au nne za kwanza, vifaranga wakiwa bado dhaifu, jaza mtungi wa plastiki wa lita 5 maji moto, uufunge kwa kitambaa kizito na uulaze katikati yao. Maji hayo yakipoa kutoka nyuzi 80 hadi 35 yanatoa joto sawa na balbu ya wati 60 inayowaka zaidi ya saa nne. Uyachemshe kwenye moto wa chakula cha jioni, na mtungi wa pili uwekwe kabla hujalala. Gharama yake ni kifuniko kinachobana vizuri. Stima ikipotea na mvua, kama inavyotokea Busia, anayelea kwa taa anahangaika gizani. Mwenye bruda hii na mtungi hana habari.

Kipimajoto ni kizuri, lakini vifaranga wenyewe wanasema. Wakirundikana wanasikia baridi. Wakitawanyika mbali, mabawa wazi na midomo wazi, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja kuna upepo unaopenya. Wakilala wametapakaa sawasawa, waache.

Wapo watakaouliza kuhusu kuku mama. Kuku wa kienyeji anayeatamia analea 10 au 12 bila senti, na ukimpenyezea usiku vifaranga wa kununua siku wa kwake wanapoangua, mara nyingi anawakubali. Gharama yake ni mayai: kwa miezi miwili hivi anayolea hatagi. Na kwa vifaranga 50 unahitaji mama watano walioangua siku moja. Kwa boma la vifaranga kumi, hakuna njia bora.

Neno moja kuhusu kununua, kwa kuwa joto haliwezi kuokoa kifaranga mbovu. KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, wana kituo Kakamega, safari ya matatu kupitia Mumias, na kienyeji wao wanajulikana asili yao. Kuroiler, kuku wa asili ya India aliyeenea Uganda, anavutia kwa ukubwa, na ng'ambo ya mpaka bei inaweza kuwa nafuu. Lakini kifaranga aliyepitishwa njia za panya hana cheti cha daktari wa mifugo, na Januari 2017 Kenya ilifunga mlango kwa kuku wa Uganda kwa sababu ya homa ya ndege. Ukinunua popote, safiri asubuhi. Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni kinamlisha kifaranga hadi siku tatu, hivyo njaa haitamuua njiani. Upepo wa jioni juu ya bodaboda utamuua.

Kwa hiyo, vifaranga 50, Bukhayo, Julai: jenga bruda isiyotumia moto, nunua mitungi miwili ya maji, na balbu moja ya wati 60 ya akiba. Kuna karibu shilingi 2,000 zinazobaki ukilinganisha na makaa. Zipeleke kwenye chanjo ya kideri na ya gumboro na kwenye chakula cha vifaranga. Na jiko la makaa, tafadhali, lisiingie chumba ambamo mtu amelala.