Mbona Mixer ilizama licha ya kunasa nyota wa michezo ya video?

MNAMO Agosti 2019, kampuni ya Microsoft ilitikisa ulimwengu wa michezo ya video ilipomnyakua Tyler Blevins, Mmarekani ajulikanaye kama Ninja, kutoka jukwaa la Twitch na kumpeleka katika jukwaa lake la Mixer.

Ninja, aliyepata umaarufu kwa kucheza Fortnite, alikuwa na wafuasi zaidi ya 14 milioni katika Twitch. Oktoba mwaka huo, nyota mwingine, Shroud, alifuata mkondo huo.

Hata hivyo, mwaka mmoja haukutimia kabla ya Mixer kufungwa, Julai 22, 2020. Je, tajiri aliyenunua nyota alikosea wapi?

Majukwaa haya humwezesha mchezaji kupeperusha moja kwa moja mchezo anaoucheza, huku watazamaji wakimwandikia naye akiwajibu papo hapo. Gumzo hilo ndilo roho ya burudani yenyewe. Picha ikichelewa kwa sekunde kumi, swali la mtazamaji hujibiwa wakati mchezo umeshasonga mbele.

Katika suala hilo Mixer haikuwa dhaifu. Teknolojia yake iliweza kupunguza ucheleweshaji huo hadi chini ya sekunde moja.

Lakini Twitch, iliyozinduliwa 2011 na kununuliwa na Amazon 2014 kwa takriban dola 970 milioni, ilikuwa na kitu kisichonunulika kwa urahisi: jamii ya watu waliozoeana. Mtazamaji wake alikuwa amelipia usajili wa kila mwezi, akapata vikaragosi vya kutumia katika gumzo na kujuana na mashabiki wenzake. Baadhi yao hata walijitolea kuwazima watumaji wa matusi.

Isitoshe, shabiki huyo alikuwa akifuatilia wachezaji kadhaa. Kuhamia Mixer kulimaanisha kuwaacha wengine wote kwa ajili ya mmoja. Ndiposa Ninja aliambulia wafuasi takriban 3 milioni pekee huko.

Yaliyojiri Korea Kusini yanadhihirisha hoja hiyo kwa njia tofauti. Kufikia Septemba 2022, Twitch ilikuwa imeshusha ubora wa picha nchini humo ili kubana matumizi. Hatimaye ilifunga huduma zake huko Februari 27, 2024, ikilalamika kuwa ada za mtandao zilikuwa mara kumi zaidi ya zile za mataifa mengi.

Safari hii watazamaji walihama, wengi wakiingia Chzzk, jukwaa la kampuni ya Naver, na AfreecaTV. Walihama kwa kuwa wachezaji wao na mashabiki wenzao walihama pia.

Ushindani haujaisha. Jukwaa la Kick, lililoanzishwa Desemba 2022, liliwaahidi wachezaji asilimia 95 ya mapato ya usajili, ilhali mgao wa kawaida wa Twitch ulikuwa asilimia 50. Oktoba 2023, Twitch nayo ililegeza kamba na kuwaruhusu wachezaji kupeperusha mchezo mmoja katika majukwaa kadhaa kwa wakati mmoja.

Hatua hiyo humpa mtazamaji uhuru wa kuchagua mahali penye picha thabiti na matangazo machache ya kibiashara. Hasara yake ni kwamba gumzo hugawanyika, na waliokuwa wakicheka pamoja hujikuta katika vyumba tofauti. Atakayefaulu kuwaunganisha tena huenda akawavuta wengi kuliko anayenunua nyota.