Taa ya ABS inawaka kwenye tablo: namna ya kupima freni ya motokari yako mbele ya safari

Lubumbashi. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza kunyesha, barabara za mji zinakuwa kama zimepakwa sabuni. Vumbi na mafuta yaliyojikusanya juu ya lami katika miezi ya ukavu vinachanganyika na maji, na lami inateleza. Ni siku hizo ndipo shofere anajua kama freni yake ni ya kweli ao ni ya jina tu.

Motokari nyingi tunazoona hapa Haut-Katanga zilitembea kwanza Japani, miaka saba, kumi ao zaidi. Zinashuka bandarini Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia, kisha zinaingia kwa Kasumbalesa. Wakati zilitoka kiwandani, nyingi zilikuwa na mtambo wa kuzuia magurudumu kufunga, ndio ABS. Zingine zilikuwa pia na mtambo wa kuzuia motokari kupoteza njia, ndio ESP. Lakini kati ya kiwanda na mkono wako, mengi yanaweza kupita. Je, mitambo hiyo ingali inatumika? Makala hii inaeleza namna ya kujua.

ABS ni kitu gani, na ESP ni kitu gani?

Herufi ABS zinatoka katika lugha ya Kijerumani. Kampuni ya Bosch na Mercedes-Benz ndizo zilileta mtambo huu kwa motokari ndogo katika mwaka wa 1978. Kazi yake ni hii: unapokanyaga freni kwa nguvu, gurudumu linaweza kusimama kabisa wakati motokari ingali inakwenda. Hapo mpira unateleza, na hata ukigeuza volani, motokari haikusikii. Inaendelea mbele tu.

ABS inatumia kapteri, ni kusema kifaa kidogo kinachohesabu mzunguko, kwa kila gurudumu. Ikiona gurudumu moja linataka kusimama, inapunguza nguvu ya freni kwa gurudumu hilo, kisha inairudisha, zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Hakuna mguu wa mtu unaweza kufanya hivyo. Faida kubwa ni kwamba unaweza kufunga freni na kugeuza volani kwa wakati mmoja, ukamkwepa mtoto ao kamyo iliyosimama bila taa.

ESP ilikuja katika mwaka wa 1995. Inatumia kapteri za ABS na kuongeza zingine: moja inaangalia volani imegeuzwa namna gani, zingine zinaangalia motokari yenyewe inazunguka na kusukumwa upande gani. Kama volani inasema « kushoto » lakini motokari inakwenda wima, mtambo unafunga freni ya gurudumu moja tu na kupunguza nguvu ya moteri, mpaka motokari irudi kwa njia. Kila kiwanda kina jina lake: Toyota wanasema VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, BMW DSC. Kazi ni moja.

Si kitu cha mapambo. Huko Marekani, taasisi ya Insurance Institute for Highway Safety iliona kwamba ESP inapunguza karibu nusu ya ajali za kufisha zinazohusu motokari moja peke yake, zile ambazo shofere anatoka njiani mwenyewe. Marekani iliiweka kuwa lazima kwa motokari mpya za mwaka wa 2012, na Ulaya kwa motokari zote mpya tangu 2014.

Kipimo cha kwanza: ufunguo na macho

Kipimo hiki hakiombi hata franka moja, na kinachukua dakika mbili.

Weka ufunguo, uzungushe mpaka taa zote za tablo ziwake, lakini usiwashe moteri kwanza. Tafuta taa tatu. Ya kwanza ni ya rangi ya manjano, iko na herufi ABS. Ya pili ni ya manjano pia, iko na picha ya motokari na mistari miwili iliyopindika nyuma yake. Hiyo ni ya ESP. Ya tatu ni nyekundu, duara lenye alama ya mshangao. Hiyo ni ya freni yenyewe na freni ya mkono.

Washa moteri na ushushe freni ya mkono. Kisha sekunde chache, taa zote tatu zinapashwa kuzimika. Sasa angalia vizuri:

Taa ya ABS iliwaka kisha ikazimika: mtambo umejipima wenyewe na haukuona kosa.

Taa ya ABS inabaki inawaka: ABS haitumike. Freni ya kawaida ingali iko, lakini magurudumu yanaweza kufunga kama ya motokari ya zamani.

Taa ya manjano ya ABS na ile nyekundu zinawaka pamoja: usiendelee na safari. Inawezekana mafuta ya freni yamepunguka, ao mtambo unaogawanya nguvu kati ya mbele na nyuma umeharibika. Magurudumu ya nyuma yakifunga mbele ya yale ya mbele, motokari inazunguka.

Taa ya ABS haikuwaka hata kidogo: hapa ndipo pa kuogopa zaidi. Motokari yenye ABS inapashwa kuonyesha taa hiyo wakati wa kuzungusha ufunguo. Kama haionekane, inawezekana balbu imekufa, ao mtu aliitoa, ao aliifunika kwa skochi nyeusi nyuma ya tablo ili motokari iuzishwe haraka. Hila ingine ni kuunganisha waya wa taa hiyo na waya wa taa ingine, ziwake na kuzimika pamoja. Kwa hiyo angalia kama taa ya ABS inazimika kwa wakati wake, ao inafuata tu taa ya batri ao ya mafuta ya moteri.

Uharibifu wa ABS unaweza kutengenezwa. Taa iliyofichwa ni jambo lingine, maana inamfanya shofere akanyage freni akiamini iko na mlinzi, kumbe hakuna mtu mlangoni.

Kipimo cha pili: mahali pa wazi

Kama taa ziko sawa, unaweza kujaribu kwa mguu. Lakini si kwa barabara ya Likasi, wala mbele ya soko. Tafuta uwanja ulio wazi na sawa, bila watu, bila watoto, bila motokari nyuma yako. Toa mizigo ndani, funga mshipi.

Anza na kilometa 20 kwa saa. Kanyaga freni kawaida. Kama pedali inashuka mpaka chini, ao motokari inavuta upande mmoja, simama hapo hapo. Hiyo si shida ya ABS, ni ya freni yenyewe, na kipimo kimekwisha.

Kama ni salama, panda mpaka kilometa 40 kwa saa, kisha kanyaga freni kwa nguvu yote, mara moja, na usiachilie. Ukiwa na ABS nzima, utasikia pedali inatetemeka chini ya mguu, na sauti kama ya kukwaruza itatoka upande wa moteri. Wengi wanaogopa hapo na kutoa mguu. Usitoe! Mtetemo huo ndio ABS inatumika. Mwambie mtu asimame mbali pembeni, aangalie kama kuna gurudumu lililosimama kabisa na kuchora mstari mrefu.

Juu ya lami kavu na mipira mizuri, kwa mwendo mdogo, inawezekana usisikie kitu, maana gurudumu halikufika kuteleza. Juu ya udongo mgumu, ABS inaamka haraka zaidi. Na hapa kuna jambo ambalo shofere wa Katanga anapashwa kujua: juu ya changarawe na mchanga, motokari yenye ABS inaweza kusimama mbali zaidi kuliko ile isiyo nayo. Sababu ni kwamba gurudumu lililofunga linakusanya changarawe mbele yake, na rundo hilo linasaidia kusimamisha motokari. ABS inakuachia volani, lakini haifupishe kila njia. Kwa barabara ya udongo, punguza mwendo.

ESP: usijaribu kwa kuruka-ruka

Kuna vijana wanaofikiri ESP inapimwa kwa kugeuza volani haraka-haraka. Wakumbuke hadisi ya Uswidi. Tarehe 21 Oktoba 1997, mwandishi wa gazeti la motokari Teknikens Värld, Robert Collin, alikuwa anajaribu motokari mpya ya Mercedes, A-Class. Jaribio lilikuwa la kukwepa kitu ghafula kisha kurudi kwa njia, kwa mwendo wa karibu kilometa 60 kwa saa, kama vile mtu anakwepa mnyama mkubwa wa misitu ya kule. Motokari ilipinduka. Kiwanda kilisimamisha mauzo kwa muda, kikabadilisha vitu mbalimbali, na kikaweka ESP kwa kila A-Class.

Yule alikuwa mtu wa kazi hiyo, mahali palipotayarishwa, na motokari ilikuwa mpya. Sisi tuko na mipira iliyotumika na amortisere zilizochoka. Kwa hiyo ESP inapimwa kwa njia tatu tu: taa yake izimike kisha kuwasha moteri, ukibonyeza buto ya kuizima, taa iwake, na ukibonyeza tena, izimike, kisha tembea polepole dakika kumi, ukikata kona za kushoto na za kulia, uone kama taa hairudi. Yaliyobaki ni kazi ya garaji.

Kwa fundi: usome kosa mbele ya kununua kipuri

Chini ya volani kuna mahali pa kuchomeka mashine ya kusoma makosa. Lakini tahazari: mashine nyingi za bei ndogo zinasoma makosa ya moteri tu. Uliza fundi kama ya kwake inaingia pia ndani ya ABS. Kwa Toyota nyingi, kosa C0200 linaonyesha kapteri ya mbele kuume, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kuume, C0215 nyuma kushoto. Ni kusema mashine inakuonyesha gurudumu gani la kuangalia kwanza.

Mwombe fundi asikimbilie kubadilisha mtambo wote wa ABS, ule wenye pompe, maana ndio wenye bei kubwa. Mara nyingi shida ni ndogo: kapteri imejaa matope na unga wa chuma, waya umekatwa na jiwe, pete ya meno imepasuka, ao batri imechoka. Na kuna kosa moja la mikono yetu wenyewe: rulma za siku hizi nyingi ziko na pete ya sumaku ndani. Zikiwekwa kinyume, ao kukiwekwa rulma ya kawaida, kapteri haioni kitu tena, na taa inawaka siku ile ile ulitoka garaji.

ESP nayo inasumbuliwa na mipira isiyo ya kipimo kimoja. Gurudumu dogo linazunguka haraka kuliko wenzake, na mtambo unafikiri motokari inateleza. Vilevile, kisha kunyoosha magurudumu ao kugusa volani, motokari nyingi zinaomba kapteri ya volani ifundishwe tena mahali pa katikati.

Usisahau mafuta ya freni. Yanavuta maji kutoka hewani, na maji yakizidi, yanachemka wakati freni iko na moto, tena yanaleta kutu ndani ya ABS. Viwanda vingi vinashauri kuyabadilisha kila miaka miwili. Na usiweke mafuta ya namna ingine.

Karatasi ya kontrole haitoshi

Mtu anaweza kusema: « Motokari yangu ilipita kontrole tekniki. » Ni vizuri. Lakini mashine yenye rola inayopima freni inazungusha magurudumu polepole sana, karibu kilometa 5 kwa saa. Kwa mwendo huo ABS inalala. Mashine inaonyesha kama freni inashika, lakini haisemi chochote juu ya ABS. Huko Uingereza, taa ya ABS ikibaki inawaka, motokari inakataliwa katika kontrole ya kila mwaka. Hapa kwetu, mwangalizi wa kwanza ni weye mwenyewe.

Ya kukumbuka

Kama motokari iko na ABS nzima, kanyaga kwa nguvu, shikilia, na geuza volani. Usipige-pige pedali kama papa zetu walivyofundishwa. Kama ABS imekufa, kupunguza na kurudisha nguvu kwa mguu kunarudia kuwa kazi yako, na kila mtu anayeshika volani hiyo, hata ndugu uliyemwazima kwa siku moja, anapashwa kuambiwa.

Hakuna mtambo unaoshinda mwendo. Kwa kilometa 80 kwa saa, motokari inatembea metre 22 kwa sekunde moja, mbele hata mguu haujagusa freni. Na ukipandisha mwendo mara mbili, njia ya kusimamia inazidi mara nne.

Na kwa mwenye kuuzisha motokari: taa ikiwaka, iache iwake. Mnunuzi apunguze bei kama anataka, ni haki yake. Dola chache unazopoteza hapo hazilingane na watu watano walio ndani ya motokari, njiani kwenda Likasi, usiku, chini ya mvua.