Mfupa Unaoungwa kwa Kipimo

Mbwa aliyevunjika muundi haambiwi alale akasikia. Akifungwa plasta ataitafuna, ataukanyagia mguu, na mfupa utakwenda upande. Katika miaka ya 1930, daktari wa wanyama wa Marekani, Otto Stader, alipitisha pini za chuma kwenye ngozi hadi ndani ya mfupa, juu na chini ya mvunjiko, akazifunga nje kwenye ufito mmoja. Mbwa akatembea huku mfupa ukiunga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikitumia kifaa hicho kwa mabaharia.

Siri ya fremu hiyo ya pini na ufito ni vipimo. Ukakamavu wa pini hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, hivyo pini ya milimita 4 hustahimili kupindwa zaidi ya mara 3 kuliko ya milimita 3. Umbali nao una uzito wake: urefu wa pini kati ya mfupa na ufito ukipunguzwa nusu, pini hukakamaa mara 8. Ndiyo maana daktari huusogeza ufito karibu na mguu, akiacha nafasi ya uvimbe tu. Hata hivyo, hawezi kunenepesha pini apendavyo. Tundu la pini likizidi takriban robo ya kipenyo cha mfupa, mfupa wenyewe unaweza kukatikia hapo.

Na ukakamavu ukizidi?

Mwaka 1985, Allen Goodship na John Kenwright wa Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio ya miundi ya kondoo. Baadhi ya kondoo walifungwa fremu isiyotikisika. Wengine mifupa yao ilisukumwa kidogo kwa dakika 17 kila siku. Mifupa ya hawa wa pili iliunga vizuri zaidi. Katika majaribio mengine, mwendo na nguvu vilipozidishwa, uponaji uliharibika.

Sababu imo kwenye mwanya wa mvunjiko. Tishu changa huweza kuvutika hadi 100% bila kukatika, gegedu takriban 10%, mfupa 2% tu. Kila tishu hupunguza mwendo na kuiandalia nafasi ile inayofuata.

Kwa hiyo daktari huanza na fremu kakamavu, kisha, mara nyingi karibu na wiki ya 6, huondoa baadhi ya pini au fito ili mfupa uanze kubeba mzigo. Picha ya eksirei ikionyesha mfupa mpya umeziba mwanya, fremu yote hutolewa.