Sinema Moja, Sebule Moja, Vizazi Vitatu

Likizo ya Agosti ikifika, maboma ya Mosocho, Kisii, hujaa watu. Wajukuu huja kutoka Nairobi na Nakuru, wanafunzi wa bweni hurudi, na jioni, baada ya obokima (ugali) na mboga za chinsaga, wote hubanana mbele ya runinga moja: nyanya, mwanawe na mkewe, kijana wa sekondari, mtoto wa darasa la pili. Mmoja huchomeka flashi iliyojazwa muvi sokoni kwa shilingi chache. Mara nyingi hakuna anayejua vizuri kilichomo.

Serikali ina utaratibu wake. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, hufanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, na kila filamu inayoiruhusu huipa alama: GE ni ya watu wote, PG inataka mzazi aongoze, kisha kuna 16 na 18. Wakaguzi hupima vurugu, ngono, matusi, ulevi, mihadarati na vitisho. Runinga nazo zinabanwa na kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano: kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, vipindi viwe vile ambavyo familia nzima inaweza kutazama. Ila flashi haijui saa nne, na muvi iliyonakiliwa haina alama yoyote juu yake. Hata katika ile iliyosimuliwa na DJ Afro, ambayo vijana wetu huipenda kuliko ya asili, matusi ya Kiingereza hufunikwa na sauti ya msimulizi, lakini picha hubaki zile zile.

Na hata alama ikiwapo, inauliza jambo moja tu: mtazamaji ana miaka mingapi? Abagusii, watu wa hapa, walikuwa na swali jingine, nami naliona kuwa zito zaidi. Anatazama akiwa na nani?

Wazee wa hapa huziita chinsoni, zile kanuni za kustahiana baina ya mzazi na mtoto. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani waliofanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chao *Nyansongo* mwaka 1966, walizieleza kwa kirefu, ingawa hapa hazikuhitaji kitabu. Mvulana akishatahiriwa alihamia esaiga, nyumba ya wavulana, na chumba cha wazazi kikawa mwiko kwake. Baba hakuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkaza mwana na baba mkwe walikaa mbalimbali kwa heshima. Mambo ya mwili hayakutajwa kati yao. Lakini nyanya na mjukuu waliruhusiwa kutaniana na kusema karibu lolote, na marika vilevile.

Sasa pima sebule ile kwa kipimo hiki. Mwanamume wa miaka arobaini na mama yake wa miaka sabini wote wameipita 18 zamani, na bodi haina neno nao. Ila kitanda kikionekana kwenye kioo huku wameketi kochi moja, na mke wa huyo mwanamume yuko kando, heshima ya nyumba imeguswa, hata kama kila mmoja angeitazama filamu hiyo peke yake bila shida. Ndiyo maana mtu husikia ghafla kwamba ng'ombe anahitaji kuangaliwa, au rimoti hutafutwa kwa haraka.

Hapo ndipo tunapokosea, na inaniuma. Chinsoni zilimzuia baba kusema, lakini hazikumwacha mtoto bila wa kumwambia; kazi hiyo ilikuwa ya nyanya. Leo baba huzima runinga, hasemi kitu, naye mtoto huenda kuimalizia muvi kwenye simu, peke yake, chini ya blanketi. Nambari ya siri kwenye king'amuzi au kwenye akaunti ya Netflix inasaidia, na iwekwe. Haiwezi kumjibu mtoto aliyekwisha kuona.

Kwa hiyo kabla ya kuamua kama filamu inafaa, naomba mzazi aitazame mwanzo hadi mwisho, kisha aamue nani ataketi na nani. *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, kisa cha Phiona Mutesi wa Kampala na mchezo wa chesi, haina uchi. Lakini Night, dada yake, anamfuata mwanamume mwenye pikipiki na kurudi na mimba. Katika nchi hii ya bodaboda, ni filamu ya msichana na nyanya yake, na mazungumzo yatakuja yenyewe. *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya 2018, ni safi kabisa kwa orodha yoyote ya wakaguzi, lakini Jo ni mtoto wa miaka tisa anayekaribia kufa. Nyumba iliyozika mtoto juzi isiiwashe bado.

Yapo pia mambo ya dini, nayo ni wazi zaidi. Katika boma la Waadventista, jua la Ijumaa likizama runinga hupumzika, na jirani Mkatoliki aliyekuja kutembea huheshimu hilo.

Nikirudi kwa filamu zenyewe, *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012 ndiyo ngumu. Ina matusi, damu, wizi wa vipuri vya magari; sitaki iwashwe mbele ya nyanya wala ya mtoto wa darasa la pili. Lakini Mwas anatoka kijijini na ndoto yake ya kuigiza, anaporwa siku anayofika mjini, kisha genge linampokea. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kwenda kujaribu Nairobi anaihitaji, na wa kuketi naye ni binamu au kaka aliyekwisha kuishi huko, anayeweza kumwambia bila kuona haya yale ambayo baba hawezi.