Kazi ya Kutangaza Biashara Mtandaoni: Anayelipwa ni Anayeleta Wateja

Mwezi uliopita kijana mmoja alileta barua ofisini kwetu akiomba kazi ya kusimamia mitandao ya kijamii. Mstari wa kwanza, kabla hata ya jina la shule aliyosoma, aliandika kuwa ana wafuasi 11,000 kwenye Facebook. Nilimpigia simu nikamuuliza swali moja tu: kati ya hao, ni wangapi wanaoishi kati ya Kitale na Bungoma? Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Madam, hiyo sijawahi kuangalia."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilihitimu uandishi wa habari bila kufundishwa swali hilo, na miaka yangu ya kwanza kazini nilihesabu "likes" kama mshahara. Lakini Facebook yenyewe humwonyesha mwenye ukurasa miji wanakotoka wafuasi wake, na ni bure kuangalia. Kijana asiyejua kufungua sehemu hiyo bado hajaanza kazi anayoiomba.

Naandika haya kwa sababu barua za aina hii zimekuwa nyingi, na pia kwa sababu ya wazazi. Wapo wanaouza mahindi ya akiba ili kumlipia mtoto "kozi ya mtandaoni" inayoahidi dola. Kazi ya kutangaza na kuuza bidhaa kupitia mitandao ipo, na inaweza kumlea mtu hapa hapa bila kupanda basi la Nairobi. Ila si kazi ya kupachika picha. Ni kazi ya kuuza, na muuzaji huulizwa ameuza nini.

Tuchukue mfano. Wewe ni kijana wa Kiminini, na mwenye agroveti amekupa ukurasa wa duka lake uusimamie. Jambo la kwanza la kujua halimo kwenye simu, limo shambani. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa mvua inaposhika, mwishoni mwa Machi na Aprili. Mkulima hutafuta mbegu na mbolea kabla ya hapo. Tangazo la mbegu linalotoka Mei, hata liwe na video nzuri kiasi gani, ni pesa zilizotupwa mto Nzoia. Vivyo hivyo, mwenye vyumba vya kupanga karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii humhitaji mwanafunzi pale wa mwaka wa kwanza wanaporipoti. Anayejua kalenda ya wateja wake tayari amemshinda mtaalamu wa mbali anayetumia kalenda ya sikukuu za Marekani.

Sasa pesa. Tuseme mwenye duka ametoa shilingi 3,000 kwa tangazo la kulipia la siku kumi, yaani 300 kwa siku. Unaliwekea mpaka lionekane kwa watu walio kilomita 25 kuzunguka Kiminini, si Kenya nzima. Watu 60 wanaandika kwenye WhatsApp, na 15 kati yao wanafika dukani kununua. Kila mteja amegharimu shilingi 200 kumleta. Ikiwa duka linapata faida ya shilingi 400 kwa kila mmoja, faida yote ni 6,000. Ondoa 3,000 za tangazo, zinabaki 3,000.

Hapo ndipo vijana wengi hukwama. Wewe umemwomba mwenye duka 5,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, amepoteza 2,000 kwa kukuajiri, na mwezi wa pili hatapokea simu yako. Huenda kosa si lake wala si lako. Duka moja dogo haliwezi kukulisha peke yake, na ni afadhali kulijua mapema. Wanaodumu katika kazi hii mijini kwetu huhudumia maduka manne au matano kwa ada ndogo. Wengine humchunga mteja arudi: mkulima aliyenunua mbegu Machi anakumbushwa mbolea ya kukuzia mahindi yanapofika magotini, na dawa ya kuhifadhi nafaka wakati wa mavuno. Ununuzi wake wa pili na wa tatu haukugharimu tangazo.

Utajuaje kuwa wale 15 waliletwa na tangazo? Uliza. Weka daftari kwenye kaunta, na kila anayenunua aulizwe alisikia wapi habari za duka. Au tumia laini ya simu ambayo haionekani popote ila kwenye tangazo. WhatsApp Business, ambayo ni programu ya bure, hukuwezesha kuweka alama kwa kila mteja: aliyeuliza, aliyelipa, anayesubiri mzigo. Hakuna kifaa cha bei hapo. Mwisho wa mwezi unampelekea mwenye duka karatasi moja: tumetumia hiki, wameuliza hawa, wamenunua hawa. Karatasi kumi na mbili za namna hiyo ndizo ushahidi wa kazi yako, na zina uzito kuliko cheti.

Kabla hujapiga picha ya mfuko wa mbegu, geuza uangalie kibandiko cha KEPHIS. Kikwangue, kisha utume namba iliyo chini yake kwa SMS kwenda 1393. Utajibiwa kama mbegu hiyo imeidhinishwa. Mkulima akinunua mbegu bandia kupitia tangazo lako na shamba lisiote, hatakumbuka jina la kampuni. Atakukumbuka wewe, na Kitale si mji mkubwa wa kujificha.

Kuzungumza na watu walipo

Anayetaka kuelewa nguvu ya mitandao mashinani amkumbuke marehemu Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru. Mwaka 2012 habari zake zilisambaa duniani baada ya shirika la Associated Press kueleza jinsi alivyotumia Twitter kuwaarifu wakazi kuhusu wezi na mifugo iliyopotea. Chifu hakuwa akiuza chochote, lakini alifanya mambo mawili ambayo watangazaji wa biashara husahau. Aliandika kwa lugha ya watu wake, aghalabu Kiswahili, ujumbe mfupi unaoeleweka. Pili, wakazi wasio na simu janja waliweza kupokea ujumbe wake kwa SMS. Alianza na simu zilizokuwa mikononi mwa watu.

Kwetu somo hilo lina sura yake. Mteja wa Kimilili au Chwele anaweza kusoma Kiingereza, lakini sauti fupi ya Kibukusu kwenye kundi la WhatsApp humfanya asimame asikilize. Kule Mlima Elgon ni Kisabaot. Bei iandikwe wazi. Mtindo wa kuandika "njoo inbox" hufukuza wateja kuliko unavyowavuta, na sijui nani aliuanzisha. Mahali duka lilipo pia paelezwe kama tunavyoelekezana sisi: karibu na steji gani, mkabala na kanisa gani. Kusajili duka kwenye ramani ya Google hakulipishwi, na msafiri anayeshuka barabara ya Kitale kwenda Webuye akitafuta fundi wa magari atampata aliyesajiliwa kwanza.

Picha ina mwenyewe

Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma na sehemu za Trans Nzoia huwa na shughuli za tohara ya Wabukusu. Ni msimu mkubwa wa biashara: mahema, viti, kuku, muziki, wapiga picha. Pia ndio msimu ambao vijana wetu wa matangazo huvunja sheria bila kujua. Unapiga picha ya mtoto anayeingia jandoni, amepakwa matope, watu wanaimba, hema la mteja wako linaonekana nyuma. Picha ni tamu. Unaipachika na namba ya simu ya mwenye hema.

Mtoto huyo hajatimiza miaka 18, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa zake, picha ikiwemo. Si sheria ya kabati. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha bila ruhusa yake. Faini chini ya sheria hiyo yaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, chochote kilicho kidogo.

Kwa hiyo omba ruhusa, na uiombe kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wa mama mtoto akisema "nimekubali picha hii itumike kutangaza mahema" ni bora kuliko kumbukumbu ya mazungumzo kando ya mto. Akikataa, piga picha ya hema.

Vivyo hivyo kwa namba za simu. Daftari la wateja wa agroveti halikupi ruhusa ya kuwatumia matangazo ya duka la viatu unalolihudumia pia.

Kuhusu malipo na mafunzo

Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuanza, hata kama mwenye duka ni mjomba wako. Ada yako iwe kando, pesa za tangazo ziwe kando. Wengi hulipia matangazo ya Facebook kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ambayo Safaricom na Visa waliizindua Juni 2022, hivyo huhitaji akaunti ya benki. Tumia kadi ya mteja, au mwonyeshe risiti ya kila tangazo. Ukurasa nao ubaki mali ya duka: ufunguliwe kwa jina na namba ya mwenyewe, nawe upewe nafasi ya kuusimamia. Nimeona maduka yakipoteza kurasa za miaka mingi kwa sababu kijana aliondoka na nywila baada ya ugomvi wa mshahara. Ugomvi huo huisha, jina baya likabaki.

Chukua PIN ya KRA mapema. Tangu Julai 1, 2023, mkazi wa Kenya anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali, yakiwemo matangazo na udhamini, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Biashara inayoingiza kati ya shilingi milioni moja na milioni 25 kwa mwaka hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Waliosajili kampuni ya vijana wajiandikishe pia kwenye mpango wa AGPO, unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Kazi za mawasiliano na matangazo ni miongoni mwa zabuni ambazo ofisi za umma hutoa, zikiwemo za kaunti.

Na mafunzo? Usiuze mahindi. Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa na Wizara ya TEHAMA mwaka 2016, hutoa mafunzo bure. Meta na Google nazo zina kozi za bure mtandaoni kuhusu matangazo yao wenyewe. Yeyote anayetaka ulipe ili upewe "akaunti ya kazi", au anayekuahidi mapato ya kila siku kwa kubonyeza video, anatafuta pesa zako. Hiyo haihitaji uchunguzi mrefu.

Yule kijana wa wafuasi 11,000 alinitumia ujumbe baada ya siku tatu. Aliangalia. Waliokuwa Kitale na Bungoma hawakufika 400, wengi walikuwa Nairobi na wengine nje ya nchi, waliovutwa na vichekesho. Alitaka kujua kama 400 wanatosha kuanza. Nilimwambia ndiyo, kama anajua wanachonunua. Shangazi yake hufuga kuku Kamukuywa. Wameanza na trei za mayai, na daftari lipo kwenye meza ya jikoni.